Nioneshe chujio kwanza

KIBARAZANI, na Zainabu Mchopa

Niseme mapema tusipotezeane muda: asiye na mtu wa kulihudumia jakuzi asilinunue. Hata kama fedha anayo, hata kama ua wake ni mpana, hata kama ufuta wa mwaka huu umemlipa vizuri. Nimerudi Nachingwea kutoka Ruangwa nikiwa na hasira, na mpaka naandika haya sijapoa.

Nilikwenda kwa shughuli ya familia. Mwenyeji wetu ni mtoto wa marehemu dada yangu, kijana mchapakazi wa biashara ya mazao, na jina lake nitalihifadhi kwa kuwa mkewe ananisoma kila wiki. Amejenga nyumba ya kupendeza. Nyuma ya nyumba, juu ya zege lililopigwa vigae, ameweka jakuzi la watu sita, la mtumba, lililoletwa kutoka Dar es Salaam na lori lililokuwa limepeleka mzigo na sasa linarudi tupu. Nilipoingia uani, mpira wa maji ulikuwa ndani yake tangu alfajiri, na jakuzi halijafika hata nusu.

Jakuzi la ukubwa ule linameza kama lita 1,200. Gawanya kwa dumu la lita 20 utapata madumu 60. Na nje ya geti, hatua chache tu, kulikuwa na bomba la mtaa na foleni ya madumu, wanawake na watoto wamekaa kivulini wanasubiri, maji yanachuruzika chembamba mpaka dumu moja linakuwa kazi ya kuchosha. Ni kiangazi. Visima vya mikono vimeanza kushuka. Hakuna aliyewaeleza wale akina mama maji ya asubuhi ile yalikuwa yanakwenda wapi, nami nilipita mbele yao kuingia kwa mwenyeji wangu huku nimeinamisha macho.

Nikamuuliza, "Mwanangu, kwa nini leo, na si usiku watu wakiwa wamelala?"

"Mama mdogo, wageni wanakuja. Maji ya zamani yalianza kunuka."

Ya zamani, kumbe, ni ya tangu Pasaka. Hayakuwahi kupimwa hata mara moja. Yalipoanza kunuka, kijana wa getini alimwagia jiki, akaongeza jiki, akaongeza tena, na asubuhi yake akafungua koki ya chini. Maji yakafuata mtaro hadi kwenye bustani ya mchicha ya jirani. Niliuona ule mchicha. Tuta la kwanza majani yamepauka na kujikunja, tuta la pili limeungua nchani. Mwenye mchicha ni mama anayeuza mafungu sokoni, na ameambiwa atapewa "kitu kidogo". Maji yenye klorini hayamwagwi namna ile. Unaacha kutia dawa, unafunua mfuniko, jua linaipiga siku kadhaa, unapima mpaka klorini imekwisha, ndipo unayamwaga polepole kwenye miti au barabarani kutuliza vumbi. Kazi hiyo haihitaji fedha, inahitaji mtu wa kukumbuka.

Sasa njoo kwenye chujio. Nilimwomba mwenyeji anioneshe chujio la jakuzi. Akamtazama mkewe, mkewe akamtazama kijana wa getini, kijana akatazama chini. Ikabidi nifunue mwenyewe kifuniko kidogo cha pembeni, nikazungusha, nikalivuta. Lilitoka kwa shida. Chujio la jakuzi ni bomba nene lililozungushiwa kitambaa kigumu chenye mikunjo mingi, na kila mkunjo unatakiwa upitishe maji. Lile halikupitisha kitu. Mikunjo ilikuwa imegandana kwa ute wa kahawia unaoteleza, ndani yake nywele, uzi wa khanga, mabaki ya losheni na jasho la watu wa miezi. Nilipolibonyeza kwa kidole gumba lilitoa majimaji mazito yenye harufu ya kitambaa kilichosahaulika ndooni. Kitu hicho huoshwa kwa maji ya mpira kila wiki, na kulowekwa kwenye dawa yake kila mwezi. Kijana wa getini alikuwa anakiona kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Sina neno na kijana yule. Aliajiriwa kulinda geti. Akaambiwa tu, "Na hilo jakuzi uliangalie," bila karatasi za kupimia, bila kufundishwa, bila shilingi ya nyongeza kwenye mshahara. Fundi aliyelifunga aliondoka siku hiyo hiyo na simu yake haipokelewi. Mnalaumu mikono ya mtu ambaye hamkumpa elimu wala kifaa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaujua ugomvi wangu na matangi yasiyofunikwa, na mnajua nikianza habari ya maji simalizi haraka. Nivumilieni. Maji ya moto ni magumu kuliko maji ya tangi. Kwenye nyuzi 38 au 39 klorini inakwisha upesi, na kila anayeingia anaimaliza zaidi. Watu wa afya wanataka maji ya jakuzi yawe na angalau miligramu 3 za klorini kwa kila lita, na ile pH yake isishuke chini ya 7.0 wala kupanda juu ya 7.8. Hupimwa kwa kikaratasi kinachobadilika rangi, kazi ya dakika moja. Klorini ikipungua, vijidudu vinapata nyumba ya joto na chakula tele. Watoto wa nyumba ile, wawili, walikuwa na vipele vyekundu vyenye usaha mdogo katikati, vimejaa kiunoni na matakoni pale nguo ya kuogelea inapobana. Wameshapakwa dawa za fangasi za kila aina. Zahanati hawakuulizwa wanaoga wapi, na nyumbani hakuna aliyefikiri kusema. Vipele vya namna hiyo, vinavyokuja siku chache baada ya kuoga na kukaa pale nguo iliyolowa ilipobana, ni jambo linalojulikana sana popote penye majakuzi.

Na vipele ni afadhali. Mwaka 1999 huko Uholanzi, kwenye maonesho ya maua katika mji wa Bovenkarspel, kulikuwa na jakuzi lililowekwa kama bidhaa ya kuoneshwa. Hakuna aliyekuja pale kuoga. Pampu ilikuwa inarusha mapovu, mvuke unapanda, watu wanapita wakitazama maua. Ndani ya mvuke ule kulikuwa na bakteria wa Legionella, wanaoshambulia mapafu. Watu zaidi ya mia moja waliugua na wasiopungua 28 walikufa, katika nchi yenye maji ya bomba ya uhakika na hospitali kila kona. Nilimsimulia mwenyeji wangu kisa hiki nikiwa bado nimeshika lile chujio.

Akaniambia neno lililoniuma kuliko yote: "Lakini mama mdogo, nililinunua kwa ajili ya bibi. Magoti yanamsumbua."

Namwamini. Tena nia yake ina historia nzuri. Candido Jacuzzi, Mwitaliano aliyehamia California na ndugu zake na kutengeneza pampu za visima, alikuwa na mtoto mdogo mwenye baridi yabisi. Hospitalini walikuwa wanamtumbukiza mtoto kwenye maji ya moto yanayozungushwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 baba akatengeneza pampu ya kuweka kwenye bafu la nyumbani ili mwanawe apate nafuu kila siku bila kungoja zamu ya hospitali. Kitu hiki kilizaliwa kwa huruma ya mzazi. Lakini tazama: yule baba alikuwa fundi wa pampu. Ikiharibika usiku, anaamka anaifungua.

Bibi yetu hajaingia kwenye jakuzi lile hata siku moja. Ukingo wake unamfika kifuani, hakuna ngazi, hakuna mshikio. Juu ya hayo ana presha, na mwenye presha haingii kwenye maji ya nyuzi 39 bila kumuuliza daktari, kama ambavyo mama mjamzito haingii kabisa. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka chumbani, anakandwa magoti kwa kitambaa na maji ya chumvi kwenye beseni, na anayemkanda ni mjukuu wa kike wa darasa la tano. Yule mtoto alikuwa anajaribu maji kwa kiwiko kabla ya kuyaweka kwenye goti la bibi. Matunzo yote ya nyumba ile nimeyaona kwenye kiwiko kile.

Umeme nao tuuseme. Kuyatoa maji lita 1,200 kwenye nyuzi 25 hadi 39 kunakula karibu uniti 20, hata hita iwe mpya. Hiyo ni kupasha mara moja tu, bado kulilinda joto usiku kucha. Nyumba iliyo kwenye kiwango cha chini cha Luku, kile kinachoishia uniti 75 kwa mwezi, inatupwa nje ya kiwango hicho kabla wiki ya pili haijaisha. Halafu kwetu umeme unakatika. Ukikatika, au uniti zikiisha na mwenye nyumba yuko safarini Liwale kukusanya mzigo, pampu inasimama, dawa inaisha, maji yanapoa, mfuniko umeachwa wazi, na baada ya siku chache viluwiluwi vinacheza. Katika mkoa huu ambao kila mama anajua malaria ni nini, mtu mmoja anafuga mbu lita 1,200! Na waya wa jakuzi lile ulipitishwa dirishani, ukaungwa katikati kwa tepu nyeusi, juu ya vigae vinavyolowa. Hapo nilipaza sauti mbele ya wageni, na sitaomba radhi. Watoto wanakanyaga pale miguu mitupu.

Sisi watu wa Nachingwea ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kununua kitu bila kuuliza nani atakihudumia. Mwaka 1947 Waingereza walituletea mradi wa karanga, wakaleta matrekta ya mabaki ya vita kabla ya kuujua udongo na mvua, wakatandika reli kutoka Mtwara hadi hapa. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Wazee wetu waliyaona yote. Kule Unguja nako, Hamamni, hamamu ya umma ya kuogea iliyojengwa enzi za Sayyid Barghash, ilikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa ile hamamu, si geti. Huduma ilipokoma, pakawa pa kutembelewa tu.

Nimemwambia mwanangu la kufanya, mbele ya mkewe ili lisisahaulike. Amlipe mama wa mchicha tuta zima, leo, kwa bei ya sokoni. Aite fundi wa umeme mwenye leseni, na mpaka afike, waya ule ukatwe. Watoto warudishwe zahanati na safari hii waseme habari ya jakuzi. Kijana wa getini ama afundishwe na kuongezwa mshahara, ama aachwe na geti lake. Kama hayo ni mazito, jakuzi likaushwe, lifunikwe, liuzwe kwa mwenye mhudumu, na fedha zake zijenge bafu la bibi lenye kiti, mshikio ukutani na hita ndogo ya bomba. Alinisikiliza kimya. Hakukubali wala hakukataa.

Nimerudi Nachingwea na kukuta habari kwamba nyumba mbili hapa mjini zimeshaagiza majakuzi yao, moja jipya na moja la mtumba, yanasubiri lori. Wenye nyumba hizo wananisoma, na mmoja ni jirani yangu wa karibu. Nitakuja kuwatembelea. Msinipikie wala msiniandalie kiti. Nitaomba kuona chujio, na nitamuuliza kijana wa getini mara ya mwisho ameliosha lini.