Risala ya Waandishi wa Habari wa Kujitegemea wa Mikoani: Tupeni Nafasi ya Kuthibitisha Kabla ya Kuposti

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu wamiliki wa vyombo vya habari,
Ndugu wahariri,
Waandishi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tumekutana katika Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Asili ya siku hii ya Mei 3 ni bara letu wenyewe. Mwaka 1991 waandishi wa Afrika walikutana Windhoek, Namibia, wakatoa tamko la kudai magazeti huru, na mwaka 1993 Umoja wa Mataifa ukaifanya siku ya dunia nzima. Wazee wetu wale walidai uhuru wa kuchapisha. Sisi, ambao leo tunaweza kuchapisha kwa kidole gumba tukiwa juu ya bodaboda, tumekuja kudai nafasi ya kuthibitisha kabla hatujachapisha.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaoleta risala hii ni waandishi wa kujitegemea wa mikoani. Hatuna mshahara, tunalipwa kwa habari iliyotoka. Hatuipingi mitandao ya kijamii. Imetukutanisha na wasomaji ambao gazeti halikuwahi kuwafikia, na kila siku inatuletea habari kutoka vijiji ambavyo nauli zetu hazifiki.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, Watanzania hawakusubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Walizipata picha za simu kutoka ufukweni, zikionyesha mitumbwi na waokoaji wakihangaika kando ya ndege. Picha zile zilikuwa za kweli. Lakini idadi ya waliookolewa iliyotajwa mwanzoni ilibadilika baadaye, hadi ikafahamika kwamba kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki na 24 walinusurika. Hapo ndipo ilipo kazi yetu. Mwenye simu ufukweni anaonyesha kilicho mbele ya macho yake. Mwandishi anapaswa kuhesabu, kuuliza hospitalini, kurudi kusahihisha, na kuhakikisha ndugu wa marehemu wamekwisha kuarifiwa kabla jina halijawekwa hadharani.

Kazi hiyo tunazuiwa kuifanya ipasavyo. Malalamiko yetu ni haya:

1. Haraka imewekwa mbele ya uhakika. Mhariri anaona kitu kwenye kundi la WhatsApp, anapiga simu: "Wenzako wameshaweka, wewe unasubiri nini?" Tukijibu kwamba bado tunamtafuta Kamanda wa Polisi au Mganga Mkuu wa Wilaya, tunahesabiwa wazembe. Msimu mmoja wa mvua mwenzetu alitumiwa picha ya daraja lililosombwa na maji. Akapanda gari kwenda kuliona. Alilikuta limesimama, bajaji zinapita na akina mama wanavuka na matenga yao. Alipoitafuta picha ile kwenye Google, aliikuta ilikwisha kutumika miaka ya nyuma, tena katika nchi nyingine. Wakati huo chombo anachokiandikia kilikuwa kimeshaiposti. Akaandika kwamba daraja ni zima. Akaambiwa hapo hakuna habari. Hakulipwa, na nauli ikawa hasara yake. Barazani watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Chumba cha habari hakiwezi kuendeshwa kwa msemo huo.

2. Kazi imeongezeka, malipo yamebaki palepale. Tukio moja sasa linadaiwa maandishi ya gazeti, sauti ya redio, video ya wima ya TikTok na Instagram, video ya mlalo ya YouTube na picha za Facebook. Simu ni yetu, bando ni letu. Malipo ni ya habari moja.

3. Vichwa vya habari hubadilishwa ili watu wabofye. Tunapeleka habari ya mgogoro wa mipaka ya mashamba uliosuluhishwa. Inatoka na kichwa cha damu. Aliyekibadilisha yuko mbali. Wanakijiji wanaujua uso wa mwandishi, na yeye ndiye wanayemfungia mlango safari inayofuata.

4. Tunatukanwa na kutishwa, na wanawake ndio wanaoumia zaidi. Katika utafiti wa UNESCO na Kituo cha Kimataifa cha Waandishi wa Habari uliofanyika mwaka 2020, asilimia 73 ya waandishi wanawake waliohojiwa walisema wamewahi kukumbana na ukatili wa mtandaoni kutokana na kazi yao. Dada zetu wakilalamika huambiwa wazime simu. Simu hiyo ndiyo inayowalisha.

5. Mambo yakiharibika, tunabaki peke yetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilivyopitishwa mwaka 2015 iliweka, kwa anayechapisha taarifa za uongo kwa kujua na kwa nia mbaya, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Anayeitwa kituoni kueleza alijua nini ni mwandishi. Aliyemharakisha hayupo, na posti imeshafutwa kimyakimya.

Kwa sababu hizo, tunadai yafuatayo:

1. Kila chombo kiwe na utaratibu ulioandikwa wa kuthibitisha picha, video na taarifa za mitandaoni: nani alipiga, wapi, lini, na nani mwingine anashuhudia. Mwandishi anayesema "bado sijathibitisha" asiadhibiwe.

2. Habari inayokanusha uzushi ilipwe sawasawa na habari nyingine.

3. Mwandishi agharimiwe bando, na alipwe kwa kila umbo la kazi analodaiwa.

4. Posti yenye kosa isifutwe kimya. Sahihisho liwekwe palepale kosa lilipoonekana, na lipelekwe katika kila kundi na ukurasa ambako chombo kilisambaza kosa hilo.

5. Yatolewe mafunzo ya kila mwaka: kutambua picha za kughushi, kulinda akaunti kwa uthibitisho wa hatua mbili, kusitiri sura za watoto na majeruhi, na kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tufundishwe pia kusoma maoni ya wananchi na kuyajibu, kwa maana ndani ya maoni hayo ndimo kiini cha habari inayofuata kinamopatikana.

6. Kila chombo kiwe na mtu anayepokea malalamiko ya vitisho na udhalilishaji, na mwanasheria wa kusimama na mwandishi aliyefuata utaratibu.

Kwa Serikali tuna ombi moja: maofisa habari wa halmashauri na taasisi wapokee simu zetu, hata usiku. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kabla Kimbunga Hidaya hakijafika Mafia, nasi tukawa na la kuwaambia wavuvi. Ofisi ikikaa kimya, uzushi ndio unaosema badala yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, anayedai haki naye ana wajibu. Tunaahidi kutoweka kwenye kurasa zetu binafsi jambo ambalo tusingethubutu kumpelekea mhariri. Tunaahidi kuomba ruhusa kwa mwenye picha na kumtaja akikubali. Hatutapokea bahasha ili tuposti, wala ili tunyamaze. Tukikosea, tutasahihisha kwa majina yetu wenyewe.

Ndugu wamiliki na wahariri, msomaji anaweza kupata uvumi kwa jirani bila gharama. Kwenu anafuata jambo moja tu, uhakika, na uhakika una gharama yake: nauli, bando, muda na ujira wa aliyekwenda kuona. Lilipeni hilo. Daraja lile ambalo mtandao ulisema limesombwa, watu wanavuka juu yake hadi leo.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Waandishi wa habari wa kujitegemea wa mikoani