Hamisheni Data Kabla ya Kuzima Ruta

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Kampuni inayotuhudumia hapa Tabora, ambayo sitaitaja, ina kawaida ya kututumia ujumbe wa kuomba radhi kwa "maboresho ya mtandao". Muda si mrefu mtandao unakatika, wakala wa miamala anafunga kibanda, na muuza asali aliyetumiwa fedha na mteja wa Dar es Salaam anabaki kuitazama simu.

Maboresho hatuyapingi. Ruta, yaani mtambo unaoelekeza data, isipowekewa programu mpya ni rahisi kudukuliwa. Kinachotukera ni kuizima ingali imebeba data za watu, kisha kuziachia ruta jirani zigundue zenyewe kwamba mwenzao hayupo. Katika BGP, itifaki ambayo ruta hupashana nayo habari za njia, jirani asiyepewa ishara anaweza kungoja sekunde 90, hata 180, kabla ya kukata tamaa. Muda wote huo data inatumwa kusikopokelewa.

Dawa ipo, na palipo na njia ya pili haidai mtambo mpya. Mwaka 2018 IETF, wanaotunga viwango vya intaneti, walitoa waraka RFC 8326. Ruta inayokwenda kufungwa inawatumia majirani alama 65535:0. Nao wanashusha kipaumbele cha njia zake na kuhamia kwingine, huku yenyewe ikiendelea kupitisha kilichobaki. Fundi anautazama mzigo ukipungua. Ukiisha, ndipo anazima.

Mafundi wengi husahau safari ya kurudi. Ruta ikiwaka huweza kujitangaza iko tayari kabla haijajifunza njia zote, ikaita data na haijui pa kuipeleka. Iamriwe isubiri.

Sisi wa Unyanyembe, huku Tabora, hatuhitaji kufundishwa habari ya kuzunguka. Mwaka 1871, vita vya mtemi Mirambo vilipofunga njia ya Ujiji, msafara wa mpelelezi Stanley ulitoka Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Septemba ukazungukia kusini, na Novemba ukaingia Ujiji. Waliondoka wakijua njia imefungwa. Hiyo ndiyo taarifa ambayo data zetu hazipewi.

Msiridhike mkiambiwa kazi hufanyika saa nane usiku. Hospitali yetu ya Kitete hailali. Wala ukubwa wa kampuni si kinga: Oktoba 4, 2021, amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ilizima Facebook, WhatsApp na Instagram kwa takriban saa sita.

Basi, kabla ya kila kazi ya namna hii, kampuni iwaeleze ninyi TCRA njia mbadala ni ipi na kama inaumudu mzigo. Baada ya kazi iseme mzigo ulihamishwa au ulikatwa. Palipo na njia moja tu, ufundi wote huu hausaidii, na hilo nalo liandikwe. Majibu yabandikwe hadharani, wilaya kwa wilaya. Tukiona Urambo au Sikonge inategemea njia moja, tutajua la kukudai wewe na la kumdai mbunge.

Wako,
Mteja wa mtandao, Tabora