Hesabuni vidonda, si chupa za sabuni

Muulize msimamizi wa hospitali kama maambukizi yamedhibitiwa wodini mwake. Atakuonyesha chupa za sabuni, mabango ya kunawa mikono na kumbukumbu za mikutano ya kamati. Hayo ni mema, lakini si jibu. Jibu ni hesabu: kati ya wagonjwa 100 waliopasuliwa, ni wangapi vidonda vyao vilitunga usaha?

Kuhesabu kwenyewe ni tiba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1985 ulionyesha kuwa hospitali zenye mpango madhubuti zilipunguza maambukizi kwa asilimia 32. Sehemu ya mpango huo ilikuwa kuwaeleza madaktari wapasuaji hesabu ya vidonda vyao vilivyoharibika. Huku kwetu, kati ya 2013 na 2015, hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilihesabu hivyo huku zikirekebisha mambo ya kawaida: mgonjwa kuoga kabla ya upasuaji, ngozi kusafishwa vyema, antibayotiki kutolewa kwa wakati ufaao. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 8 hadi 3.8.

Hata hivyo, hesabu inayokoma mlangoni mwa hospitali hudanganya. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache. Usaha huanza wiki ya pili, naye huja kwetu sisi madaktari wa kliniki za mitaani. Tunamsafisha kidonda, analipa mara ya pili, na katika daftari la hospitali bado ameandikwa kuwa alipona. Ndiyo maana kipimo kinachofaa ni siku 30 baada ya upasuaji. Haihitaji mitambo ya ghali. Muuguzi mwenye simu na orodha ya maswali anatosha kuanzia.

Najua wakubwa wa hospitali wanachohofia. Ukitafuta kwa bidii, idadi itapanda kwanza. Hiyo si aibu. Aibu ni sufuri ya mtu asiyetazama. Wala tusilinganishe upasuaji wa utumbo uliotoboka na wa ngiri. Kila aina ihesabiwe peke yake.

Nawe msomaji, kabla ya kutoka wodini uliza: kidonda kikianza kutoa usaha nimpigie nani, na je, ataandika?