Ng'ombe apimwe kwanza, sindano baadaye

Siku hizi si ajabu wafugaji wa kata moja kutangaziwa wapeleke ng'ombe wao kwenye josho siku fulani, wachomwe sindano ili waingie kwenye joto kwa wakati mmoja na kuhimilishwa. Mpango wenyewe ni mzuri. Mhimilishaji anayebeba mbegu kwenye mtungi wa naitrojeni hawezi kupanda pikipiki kila ng'ombe mmoja anapolia, na hawa wetu wa asili joto lao ni fupi, mara nyingi huja usiku na kupita mwenyewe amelala.

Tatizo ni haraka. Sindano inayotumika sana, ya homoni ya prostaglandini, kazi yake ni kuvunja tezi ndogo inayoota kwenye ovari baada ya yai kutoka. Tezi ikivunjika, joto huonekana kati ya siku ya pili na ya tano. Isipokuwepo, dawa haina la kufanya, ndiyo maana hurudiwa baada ya siku 11 hivi. Lakini tezi hiyo hiyo ndiyo inayoshikilia mimba. Ng'ombe mwenye mimba changa akichomwa, ataitoa, na mfugaji aliyekuja kutafuta ndama anarudi amepoteza ndama.

Kwa hiyo kila ng'ombe apimwe mimba kabla ya sindano, hata foleni ikiwa ndefu. Mimba ya wiki chache haishikiki kwa mkono, hivyo mwenye ng'ombe naye aseme kweli kama dume limepita. Aliyekonda, au aliyezaa chini ya siku 60, arudishwe nyumbani akale. Wenye mradi wasihesabu sindano, wahesabu ndama. Na mama mjamzito asishike dawa hiyo, wala mwenye pumu, maana hupenya kwenye ngozi.

Lipo jingine ambalo wauza maziwa wanalijua: waliohimilishwa wiki moja watazaa karibu pamoja, baada ya miezi tisa hivi. Kijiji kizima kikikamua wakati wa masika, bei inaporomoka. Wanaohimilishwa Septemba huzaa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na maziwa yakianza kuadimika, ila hapo mfugaji awe na majani makavu na pumba za kutosha.

Kabla ya kuchanga fedha, kikundi kiulize nani atapima mimba, na nani atarudi na mbegu siku joto litakapoonekana.