Si Kila Uvimbe wa Paja ni Jipu

Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, hospitali humpasua na kuunga mfupa kwa chuma na skrubu. Hilo ni jambo jema. Asiyepasuliwa hulala kitandani miezi, akatoka vidonda vya mgongoni, na wengi hawainuki tena. Sipingi upasuaji. Ninachopinga ni wembe wa nyumbani baada ya mgonjwa kurudi.

Ndani ya paja, karibu na mfupa, kuna mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka moyoni. Mara chache sana mshipa huo hutoboka. Huenda umechomwa na ncha ya mfupa uliovunjika, au na keekee ya daktari, au na skrubu iliyotokeza upande wa pili. Damu haimwagiki nje. Hujikusanya katikati ya nyama, ikafanya mfuko, na kila moyo unapopiga damu husukumwa humo.

Mfuko huu unaweza kuonekana baada ya siku chache, baada ya majuma, hata baada ya miezi. Kidonda cha nje kimekwisha pona. Nyuzi zimetolewa. Mzee ameanza kutembea kwa magongo. Ndipo paja linavimba, linauma, na kila siku linazidi. Watu wanasema, "Ni jipu." Mwingine anasema amerogwa. Wembe unaletwa.

Je, ukikata hapo kitatoka nini? Si usaha. Ni damu nyingi inayoruka, na nyumbani hakuna wa kuizuia. Mtu anaweza kufa palepale, na mfupa wake umeungana vizuri!

Utasema, "Nitaweka mkono. Nikisikia panapiga kama moyo, nitajua si jipu." Ni kweli, pakipiga usipaguse. Lakini paja lina nyama nyingi, na mshipa uko chini. Mara nyingine hapasikiki kitu. Kwa hiyo nasema wazi: aliyepasuliwa nyonga, paja lake lisikatwe kijijini na mtu yeyote. Mimi nina cheti na visu safi hapa zahanati, wala sikati.

Tazama pia macho na viganja. Vikiwa vyeupe, na mgonjwa ana kizunguzungu, damu inapungua ndani. Mguu ukiwa wa baridi au umekufa ganzi, damu haifiki. Hapo msingoje kesho. Kigimbi kikivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hili hutokea mara nyingi zaidi. Msikande, maana donge likikatika huweza kwenda mpaka mapafuni.

Mpelekeni hospitali, pamoja na karatasi zake na picha za eksirei. Neno la kwanza mseme, "Alipasuliwa nyonga." Huko kuna kipimo cha kuonyesha damu inavyokwenda. Mshipa hushonwa, au katika hospitali kubwa huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani yake.

Nauli ni taabu, najua. Lakini fedha za matanga tunazichanga kwa nusu siku. Kwa nini za gari tungoje?

Na kama paja limekwisha katwa, na damu inatoka, kunja kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu. Usiachie ili kuchungulia. Kandamiza hivyo hivyo garini mpaka mfike.