Pesa ya siri si lazima iwe ya wizi

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siku hizi, msomaji mpenzi, siri hiyo anaijua kata, anaijua jirani, anaijua shemeji, na hata kijana aliyeketi kando yako kwenye matatu akichungulia simu yako. Hasa ikiwa ndani ya mtungi wenyewe mna pesa.

Majuzi nilikuwa Rodi Kopany, pale ambapo barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay inapokutana na ile ya kwenda Ndhiwa. Wanaopafahamu wanazijua pilkapilka zake: ng'ombe na mbuzi wakipigiwa bei, bodaboda wakigombania abiria, akina mama na mabeseni yao ya omena. Nilikwenda kuonana na msichana mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa sababu utakayoielewa kabla hujamaliza kusoma.

Msichana huyu hufanya kazi kwa kompyuta. Husikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa ng'ambo na kuyaandika. Mwajiri wake humlipa kwa sarafu za kidijitali, zile ambazo thamani yake imefungamanishwa na dola ya Marekani. Akilipwa, huziuza kwa mtu anayezihitaji, naye hutumiwa shilingi kwa M-Pesa. Ni kazi halali, na jasho ni lake.

Shida ilikuwa kwa dada yake mkubwa. Dada huyo alikuwa ameolewa si mbali sana na Rodi, na mumewe alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Kila jioni bwana huyo alikuwa akiichukua simu ya mkewe na kusoma ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine. Kila shilingi iliyoingia ilikuwa na swali lake, na swali lisilojibiwa vizuri lilikuwa na kofi lake. Dada alikuwa amekwisha kata shauri kuondoka na watoto. Lakini kuondoka kunataka nauli, kodi ya chumba na unga wa wiki mbili tatu. Mdogo wake alikuwa na pesa hizo. Hakujua tu azipitishie wapi.

"Dada, nimesikia kuna kidimbwi," aliniambia huku akipunguza sauti. "Unatumbukiza sarafu zako, zinachanganyika na za watu wengine, kisha unazitoa upande wa pili bila mtu kujua zilitoka kwa nani. Je, ni kweli?"

Nilimjibu kwamba kidimbwi kipo. Lakini kabla ya kumwambia kama kitamfaa, ilibidi tuelewane kwanza kuhusu jambo moja.

Wengi wetu hudhani kwamba sarafu za kidijitali ni za siri. La hasha! Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, na Ethereum, iliyoanza mwaka 2015, huandika kila malipo katika daftari ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulifungua na kulisoma. Jina lako halimo. Kilichomo ni anwani, yaani msururu mrefu wa herufi na tarakimu. Lakini mtu akishajua kwamba anwani fulani ni yako, anaweza kuona ulicho nacho, kilikotoka na unakokipeleka, leo na hata miaka kumi ijayo. Ni sawa na kubandika hesabu zako za benki kwenye ukuta wa soko ukafuta jina tu.

Msichana wetu aliyajua haya kwa uchungu. Siku moja alimwonyesha kaka yake anwani hiyo kwa kujivunia kazi. Tangu siku hiyo, matanga yakitokea, huambiwa kiasi anachoweza kuchanga kabla hajafungua kinywa.

Sasa kidimbwi hufanyaje kazi? Fikiria michango yetu. Katika harambee, jina lako husomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi ulichotoa. Kila mtu anajua. Lakini kanisani kikapu cha sadaka kikipita, watu mia wakitia noti za shilingi mia moja kila mmoja, nani atakayejua noti ipi ni ya nani? Siri yako inalindwa na wingi wa watu na usawa wa noti. Ukitia noti ya elfu moja peke yako, jirani atakuona.

Ndivyo kilivyokuwa kidimbwi maarufu zaidi, Tornado Cash, kilichoanza mwaka 2019 katika mtandao wa Ethereum. Watu walitia viwango vinavyolingana: ether 0.1, 1, 10 au 100. Ukitia, unabaki na neno la siri, mfano wa stakabadhi. Baadaye, ukiwa na anwani mpya isiyojulikana, unaionyesha programu uthibitisho wa kihesabu kwamba wewe ni mmoja wa waliotia, bila kusema ni yupi. Programu inakulipa. Anayetazama daftari anaona watu wakitia na watu wakitoa, lakini hawezi kuunganisha huyu na yule. Na ukipoteza neno lile la siri, pesa zimekwenda. Hakuna ofisi ya kulalamika.

Tatizo la kikapu ni kwamba hakimuulizi mtu pesa kazitoa wapi. Wezi nao waliingia. Mnamo Agosti 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani iliiwekea Tornado Cash vikwazo, ikisema imetumika kusafisha zaidi ya dola bilioni 7, zikiwemo mamilioni yaliyoibwa na wadukuzi wa Korea Kaskazini. Mmoja wa waliounda programu hiyo, Alexey Pertsev, alihukumiwa nchini Uholanzi Mei 2024 kifungo cha miaka mitano na miezi minne. Mwenzake, Roman Storm, alipatikana na hatia ya shtaka moja mjini New York Agosti 2025, la kula njama ya kuendesha biashara ya kutuma pesa bila leseni. Jopo la wazee wa mahakama halikukubaliana kuhusu mashtaka mengine mawili.

Hata hivyo si wote waliotia pesa humo waliokuwa wezi. Vitalik Buterin, mwasisi wa Ethereum, alisema mwaka 2022 kwamba yeye mwenyewe aliitumia kupeleka msaada Ukraine, ili waliopokea wasijulikane. Na Novemba 2024 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba wizara ile ilivuka mipaka ya sheria. Vikwazo viliondolewa Machi 2025.

Mwaka 2023 Buterin na wenzake wanne waliandika pendekezo la kidimbwi cha aina nyingine, na Machi 2025 kikafunguliwa kwa jina la Privacy Pools. Hapa nitaomba tuondoke kanisani twende kwenye mnada wa ng'ombe wa Rodi Kopany.

Ukiuza fahali wako pale, bei mliyopatana ni yako na mnunuzi. Si lazima soko zima lijue. Wafanyabiashara Wasomali hata wana desturi ya kupatana bei kwa kushikana vidole chini ya nguo, mamia ya watu wakitazama bila kuambulia kitu. Lakini mnunuzi mwangalifu hataki fahali wa wizi. Ataulizia barua ya chifu, ataulizia kibali. Akiridhika kwamba ng'ombe ni halali, mengine hayamhusu.

Privacy Pools inafanya vivyo hivyo. Pesa zikiingia huchunguzwa zilikotoka. Zikionekana safi, huwekwa katika kundi la zilizokubaliwa, na mwenyewe anaweza kuzitoa kwa siri, akithibitisha tu kwamba zimo katika kundi hilo. Zikikataliwa, hazitaifishwi. Mwenyewe huzirudisha kule kule zilikotoka, hadharani. Mwizi anakosa maficho, na mtu mwema anabaki na siri yake. Hilo ni wazo zuri, na mimi binafsi naliunga mkono.

"Basi nitumie hicho," msichana akasema.

Nilimwambia asitumie. Si kwa kuwa ni dhambi, bali kwa sababu hakingemsaidia dada yake.

Kwanza, shida ya dada haikuwa daftari la Ethereum. Ilikuwa simu iliyoko mezani mwake. Sarafu zingetoka kidimbwini zikiwa safi, bila alama, lakini dada hawezi kununulia unga sarafu. Lazima zigeuzwe kuwa shilingi, shilingi zifike kwa M-Pesa, na M-Pesa, kama ilivyo tangu Machi 2007, huleta ujumbe. Bwana angesoma ujumbe huo saa moja usiku. Kufunga mlango wa mbele kwa kufuli saba na kuacha wa nyuma wazi ni kazi bure.

Pili, siri ya kidimbwi inataka subira. Ukitia leo asubuhi na kutoa leo jioni kiasi kile kile, mwenye macho atakuunganisha. Na wakiwa wachache kidimbwini, siri ni haba, kama kikapu kilichopita mbele ya waumini watatu. Dada hakuwa na muda wa kusubiri.

Tatu, gharama. Mtandao wa Ethereum hutoza ada kwa kila hatua, na siku za msongamano ada hupanda. Kwa mwenye mamilioni si kitu. Kwa pesa ya nauli na kodi ya chumba, ni kuupunguza mkate wa watoto.

Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza yeyote: "Dada yako huenda wapi kila wiki bila kuulizwa?"

Alifikiri kidogo. "Kwenye nyoluoro," akasema.

Wasomaji wa nje ya Nyanza huenda mkahitaji maelezo. Nyoluoro ni chama cha kuchangiana kwa zamu, kile ambacho kwingineko huitwa merigoraundi. Akina mama hukutana, kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na zamu ya mmoja ikifika hupewa jumla yote. Tazama vizuri, mama. Watu wengi, kiasi sawa, pesa zinazochanganyika. Hicho nacho ni kidimbwi, na bibi zetu walikuwa wakikitumia kabla kompyuta haijafika kijijini.

Msichana aliuza sarafu zake kama kawaida, akatoa taslimu kwa ajenti kwa laini yake mwenyewe, na akampelekea mweka hazina mkononi. Mweka hazina ni mama mtu mzima, mwenye kifua cha kuweka neno. Aliandika pesa hizo katika ukurasa wa pembeni wa daftari lake na kuzihifadhi. Mume alijua mkewe huenda chamani, na alikijua kiasi anachochanga. Hakikubadilika hata senti. Siku ilipofika, dada alikwenda mkutanoni na watoto kama ambavyo huenda siku nyingine, na hakurudi. Sasa anaishi mbali na huko, watoto wanasoma, na ameniruhusu niyaandike haya.

Sisemi teknolojia haina maana. Siku yaja ambapo msichana huyu atapenda kulipwa bila kaka yake kuhesabu mshahara wake, na siku hiyo kidimbwi chenye mlinzi mlangoni huenda kikamfaa. Lakini na ajue haya. Benki Kuu ya Kenya ilionya kuhusu sarafu hizi tangu Desemba 2015. Mnamo Oktoba 2025 Rais alitia sahihi sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayoziweka biashara hizo chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kuwaficha majirani mapato yako ni haki yako. Kuyaficha kwa mtoza ushuru ni kesi nyingine kabisa. Aweke kumbukumbu ya kila alicholipwa, ili akiulizwa aweze kuonyesha. Na mtu yeyote akimwomba neno la siri la kutolea pesa, hata akijiita fundi au wakala, ajue ni mwizi.

Kwa waume wenzetu nina neno moja. Najua mtasema mke mwema hana siri. Lakini Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 inahesabu dhuluma ya kiuchumi kuwa dhuluma, sawa na kipigo. Ukiona mkeo anaficha shilingi mia mbili kwenye kopo la unga, kabla ya kuuliza amezitoa wapi, jiulize kwa nini anaona kopo ni salama kuliko wewe.

Na kwa mama au dada aliye katika hali ile, nambari ya simu ya 1195 hupigwa bila malipo kwa ajili ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Ukipiga kwa simu inayokaguliwa, futa. Afadhali zaidi, azima ya mwenzako chamani.

Nilipokuwa nikiondoka Rodi, nilimuuliza yule mweka hazina kama hakuogopa. Alicheka, akasema kazi yake ni kuhesabu pesa, si kuzitangaza.

Tuonane Jumapili ijayo, majaliwa.