Neno la Mhariri: Gemu za Kale na Wachezaji Wasioziona Zikizaliwa

Kila itajwapo habari ya watu wazima wenye akili zao wanaonunua mashine za gemu za miaka ya 1980, wakazifuta vumbi, wakazitafutia televisheni ya chogo na kukesha mbele yake, jawabu hutolewa kwa wepesi: wanautamani utoto, na utoto ukishapita haurudi. Jawabu hilo lina sehemu ya haki, nasi hatuikanushi. Lakini ni sehemu ndogo, na makala za toleo hili zimekusanywa kwa nia ya kuonyesha kwamba mashine hizo zinachezwa hadi leo, aghalabu, kwa sababu kazi iliyomo ndani yake ingali hai.

Tutazame kisa cha Tetris. Mchezo huo, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow, Nintendo waliutoa kwa mashine yao ya NES mwaka 1989, na kwa muda mrefu wachezaji waliitakidi kwamba ngazi ya 29 ndiyo kikomo cha uwezo wa binadamu, maana hapo kipande huporomoka kutoka juu hadi chini kwa thuluthi ya sekunde, na mwenye kushikilia tu kitufe cha kukisogezea kando hukiona kikitua kabla hakijaufikia ukuta. Wakazuka waliojifunza kulitetemesha dole gumba juu ya kitufe, wakapenya kidogo. Kisha, yapata mwaka 2020, ikaja hila iliyoigeuza kazi nzima juu chini: gumba hutulia juu ya kitufe bila ya kubonyeza, na vidole vya mkono wa pili huugonga mgongo wa pedi kimoja baada ya kingine, hata ikawa pedi ndiyo inayolifuata gumba. Kwa hila hiyo, tarehe 21 Desemba 2023, kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, aliifikisha gemu ngazi ya 157, na hapo mashine yenyewe ikakwama, hesabu zake zimeielemea. Binadamu hakuwahi kuifikisha huko kabla yake. Kijana huyo alizaliwa miaka zaidi ya 20 baada ya mchezo kutolewa. Basi ni utoto upi aliokuwa akiutamani?

Hakuna apitaye barazani akamkuta mzee ameinamia bao, akamshauri alitupe kwa kuwa mwaka huu yametoka mapya. Sababu ni kwamba bao limekamilika: kanuni zake zimetulia, na kilichosalia ni ustadi wa mchezaji. Gemu ya kaseti nayo ilitoka kiwandani imekamilika, kwa sharti la lazima, maana haikuwapo njia ya kuirekebisha baada ya kuuzwa. Na mwenye kuinunua aliimiliki, wala hakuwapo aliye mbali awezaye kuifunga usiku mmoja.

Ufinyu nao ulikuwa mwalimu mkali. Famicom, iliyotolewa Japani mwaka 1983 na kupelekwa Marekani baadaye kwa jina la NES, ilikuwa na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na Super Mario Bros. ya mwaka 1985, pamoja na ngazi zake 32, muziki wake na maadui zake wote, ilienea katika kilobaiti 40, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo hukipita mara nyingi. Mwenye jicho pevu akitazama ataona kwamba wingu la angani na kichaka cha chini ni mchoro ule ule mmoja, juu umepakwa weupe na chini ukapakwa kijani. Maadamu nafasi haikuwapo, kilichobaki kilichaguliwa, na kilichochaguliwa kikanolewa.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wengi walizijua gemu hizi kwa njia ya mashine za kuigiza, zilizokuja na kaseti ambazo karatasi yake iliahidi gemu 9999, ilhali ndani zilikuwamo chache zikirudiwarudiwa kwa majina mengine. Tulizipuliza kaseti hizo kwa imani kubwa, na imani hiyo, ole wetu, ilizidhuru, kwa kuwa pumzi ina unyevu na unyevu huozesha madini yake.

Si kila kitu cha kale kinahamishika. Bunduki ya Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata, haifanyi kazi kwenye televisheni bapa: ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mahali pa bata hutokea mraba mweupe, na jicho lililo ndani ya mtutu huutafuta mwanga huo kwa wakati uliopimwa na mwendo wa televisheni ya chogo. Televisheni hizo hazitengenezwi tena kwa wingi, na mafundi wazijuao wanapungua.

Lakini adui mkubwa si kutu. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitangaza kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni. Na Machi ya mwaka huo Nintendo ikafunga maduka yake ya mtandaoni ya mashine za Wii U na 3DS. Watetezi wa hifadhi waliomba maktaba ziruhusiwe kuwaazima watafiti walio mbali gemu zisizouzwa tena. Chama cha wenye viwanda vya gemu kilipinga, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikalikataa ombi, mojawapo ya hoja ikiwa ni hofu kwamba watu watazicheza kwa kujifurahisha. Wenye mali wanatuambia gemu hizi hazina soko, kisha wanaogopa zisije zikapendwa. Nasi katika hoja hizo mbili twaisadiki ya pili.